Sukari na Chumvi Mlangoni mwa Seli

Sisi tunaofundisha chuoni hapa Ikinga tumewasikia baadhi ya wazazi wakisema kwamba mtoto anayeharisha asinyweshwe maji, eti yatamzidishia. La, wapenzi wasomaji! Matumbo yametandazwa seli, yaani vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, na kila seli imezungukwa na utando unaochagua kipi kipite. Mwaka 1960, mjini Prague, mtaalamu Robert Crane alieleza kwamba sukari huingia ndani pamoja na sodiamu iliyomo katika chumvi, kwa mlango mmoja. Nayo maji huzifuata. Kipindupindu hakiuharibu mlango huo. Upande wa pili wa seli ipo pampu inayoitoa sodiamu kuelekea damuni kwa nguvu itokanayo na chakula. Ikisimama, na mlango hauvuti tena.

Basi, akina mama, chukueni lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6, na chumvi nusu kijiko. Vijiko visijae kilima, kwani chumvi ikizidi ni hatari. Mnywesheni mtoto kidogo kidogo huku mkimpeleka zahanati, na anayenyonya asiachishwe ziwa.