Mama Aliyekataa Shauri Letu

Juzi tulikuwa Lubumbashi, katika Chuo Kikuu kilichofunguliwa mwaka 1956. Vijana wenye majoho meusi waliitwa mmoja mmoja. Akina mama wakapiga vigelegele.

Likatajwa jina la msichana tuliyemfundisha kusoma. Tukainamisha kichwa, kwani zamani tulimshauri mama yake: «Ajue kuandika barua, yatosha, kisha aolewe.» Nasi tulijua kwamba Sophie Kanza alipata diploma ya Lovanium mwaka 1964, wa kwanza kati ya wanawake wa Kongo! Mama hakutusikiliza. Aliuza makala gunia kwa gunia, akalipa masomo.

Siku ile alitushika mkono: «Asante, Mwalimu, wewe ulimfundisha herufi.» Neno hilo lilituchoma kuliko lawama.

Walimu wenzetu, mzazi akiwauliza habari za binti yake, msimjibu kama sisi.