Kadi za Mtihani

Julai 2004, sisi wa mwaka wa pili katika Chuo cha Ualimu cha Machakos tulikuwa tukiingojea mitihani ya KNEC, Baraza la Kitaifa la Mitihani la Kenya. Karatasi hizo ndizo zingeamua kama miaka yetu miwili ingezaa cheti cha P1, cha ualimu wa shule ya msingi. Tulikesha tukidurusu, blanketi mabegani, kwa sababu Julai ya Machakos ina baridi kali. Mchana, barua zilipofika, tulitupa vitabu na kukimbilia kuzichukua. Huo ulikuwa msimu wa kadi za kutakiwa heri. Tulizibandika ukutani juu ya vitanda: zenye maua, zenye kofia za mahafali, na zile zilizoimba ukizifungua, zikaimba hadi betri ikaisha na bweni zima likapumua.

Yangu ilitoka nyumbani, Mwala. Mama aliinunua Masii, akaipitisha kwa majirani kabla ya kuituma. Waliandika hadi pembezoni. Nyanya yangu hakujua kusoma, kwa hiyo alimtuma mtoto wa darasa la sita amwandikie kwamba mbaazi zimekomaa na ameniwekea zangu. Wengi katika kadi ile hawakuwa na nauli ya kuja kuniona, wala shilingi ya kunitumia. Walikuwa na jina na kalamu ya kuazima, na hiyo ilitosha kuwafikisha kwangu.

Kisha, Machi 2007, ikaja M-Pesa, na watu wakaanza kutuma pesa kwa simu badala ya kadi. Silaumu, pesa humfaa mwanafunzi kuliko ua la karatasi, na mimi mwenyewe huzituma. Kozi nayo imebadilika: tangu 2021 vyuo vinapokea wanafunzi wa diploma, na kazi za darasani zinahesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Ila mchujo umeingia bila kutangazwa. Heri siku hizi hupitia simu, na hutoka kwa wenye salio.

Mpwa wangu alipofanya mtihani wake, wajomba walimtumia pesa na ujumbe mfupi. Kijijini kina mama walimwombea kanisani Jumapili mbili mfululizo, mmoja wao akafunga. Mpwa wangu hakujua lolote kuhusu maombi hayo hadi likizo, nilipomsimulia tukichambua mbaazi. Aliniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Nikamtajia majina yao, mmoja mmoja, na kesho yake akaenda kuwaamkua nyumba kwa nyumba.