Marafiki Niliowapata Tambach

Msomaji kijana, siku moja utamaliza masomo yako ya sekondari, nawe utapokea barua ya kukuita mahali usipopajua. Huenda kikawa chuo, huenda ikawa kazi. Utafungua ramani na kulitafuta jina la mji huo kwa ncha ya kidole, na mama yako atakuuliza watu wa huko hula nini. Barua yangu niliipokea mwaka 2010, nikiwa na umri wa miaka 20. Ilinitaka niende Tambach kusomea ualimu. Mimi ni mzaliwa wa Gazi, katika pwani ya Kwale, kijiji chenye mikoko mbele na minazi nyuma, na mpaka siku ile sikuwa nimepata kuvuka Voi.

Tambach ni mji mdogo uliokaa ubavuni mwa mteremko mkubwa wa Elgeyo, kama ndege aliyetua katikati ya ukuta. Juu yake pana Iten, mji ulio katika kimo cha mita 2,400 hivi, ambao wakimbiaji wa dunia nzima huuendea kufanya mazoezi. Chini yake limelala Bonde la Kerio, lenye joto na miti ya miiba. Zamani za ukoloni Tambach palikuwa makao ya serikali ya wilaya. Siku nilipofika mimi palikuwa na shule, chuo, soko, na safu ya maduka ambayo mtu aliweza kuyahesabu pasipo kusimama. Mji wa namna hiyo haukuachii nafasi ya kuchagua. Mtu wa pwani akienda Nairobi atawatafuta watu wa pwani wenziwe na kuishi nao miaka kumi bila ya kumjua jirani. Tambach hapakuwa na watu wa kwetu wa kutafutwa. Palikuwa na waliokuwapo.

Nalifika jioni, nimevaa shati jepesi na makubadhi. Mvua ya huko ni baridi. Kwetu mvua ni vuguvugu, mtoto hukimbilia nje kuoga. Katika bweni nilipewa kitanda cha juu, kwenye chumba cha watu wanne. Wa kwanza alikuwa Mkeiyo, mwenyeji wa bonde lile lile lililokuwa chini yetu. Wa pili alikuwa Mjaluo kutoka ufukwe wa Homa Bay, mcheshi ajabu, ambaye usiku ule ule alinitupia blanketi lake la pili bila ya kuniuliza jina. Wa tatu alikuwa kijana mkimya aliyezaliwa katika kijiji kimoja karibu na Eldoret. Kabila la huyu sitalitaja. Najua utalikisia, na pengine utalipata. Lakini nimewafundisha vijana wa rika lako miaka mingi ya kutosha kujua kwamba tukitajiwa kabila la mtu, wakubwa kwa wadogo, twadhani tumekwisha kutajiwa habari zake zote.

Mama yangu alikuwa amenifungia kopo la achari ya embe. Chakula cha bwalo kilikuwa githeri leo na ugali kwa kabeji kesho, na kilitosha, ila kilikuwa kimya mdomoni. Siku ya tatu nililifungua kopo. Mjaluo alionja, akatokwa na machozi, akaomba tena. Mkeiyo aliinusa tu. Yule mkimya alichovya kidole, akalamba, akasema neno lake la kwanza kwetu tangu tuonane: "Mama yako anauza?" Kopo lilikwisha kabla ya Jumapili, na nadhani sote wanne tulilisikitikia kama jamaa aliyesafiri.

Jambo jingine lililotukaribisha ni majina. Asubuhi moja mwalimu wetu wa Kiswahili aliita majina kutoka katika daftari, akatuuliza maana yake. Kiprop, akaambiwa, ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Okoth, kwa Wajaluo, ni aliyezaliwa wakati wa mvua. Wafula, kwa Wabukusu, ni wa majira ya mvua. Akasimama binti mmoja wa Ukambani, jina lake Mumbua, akasema kwa haya kwamba naye ni wa mvua. Darasa zima lilicheka kwa furaha. Makabila manne, lugha mbalimbali, wengine hawasikilizani hata neno, na mama wanne walioona mvua ikinyesha walikuwa na wazo moja. Wakanigeukia mimi. Jina langu ni la Kiarabu, halina tone la mvua ndani yake. Lakini nilizaliwa mwezi wa Mei, masika yamepamba moto, nikawaambia hivyo. Tangu siku ile nikaitwa Masika, na wengine hawalijui jina langu la cheti mpaka leo.

Sasa nikuambie kosa langu, maana nisipolisema utadhani urafiki ule ulikuja bure.

Katika chuo tulifanya mazoezi ya kufundisha mbele ya wenzetu kabla ya kupelekwa mashuleni. Mkeiyo alipewa somo la Kiswahili. Alisimama wima, akaandika kichwa cha somo kwa mwandiko mzuri kupita wetu wote, kisha akafungua kinywa akasema "kitabu hii". Nikacheka. Alipofika kwenye "mtoto yangu" nikacheka tena, kwa sauti ya mtu anayetaka wenzake wajue kwamba yeye ni wa pwani, na darasa likacheka pamoja nami. Alimaliza somo lake bila ya kukosea tena, kwa sababu alisoma kila neno kwenye karatasi. Muda wa wiki tatu hakunisemesha kwa Kiswahili. Nikimwuliza jambo, alinijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama mtu ajibuye barua ya ofisi.

Aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kuliko alivyojua yeye, kwa kuwa Kiswahili si lugha ya mama yangu. Sisi ni Wadigo. Nyumbani twasema Kidigo, na Kiswahili nilikiokota sokoni, chuoni kwa maalimu na darasani, ingawa ni kweli nilikiokota karibu. Huku bara kila mtu alinichukua kuwa Mswahili kamili, nami nikaivaa sifa hiyo kama kanzu ya kuazima, kisha nikamcheka aliye uchi.

Mjaluo ndiye aliyenipa dawa. Aliniambia, "Masika, nenda sokoni ukaseme Kikeiyo." Basi nilimwendea Mkeiyo nikamwomba anifundishe maneno ya kununulia maziwa na ndizi. Alinitazama sana. Kisha akanifundisha kuamkia, kuhesabu na kuuliza bei, na Jumamosi akanifuata nyuma akiwa amekunja mikono. Nikamwambia mama wa kwanza "Chamgei", vizuri. Yaliyofuata sijui niliyasemaje, ila mama yule aliweka kibuyu chini ili asikimwage, akawaita wenzake wote waje wasikie. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Rafiki yangu hakucheka. Alisubiri wakanyamaza, akanisahihisha neno moja moja kwa sauti ya chini, kama mwalimu aipendaye kazi yake. Tulipokuwa tukipanda mlima kurudi, aliniuliza kwa Kiswahili, "Ni kitabu hiki, sivyo?"

Waweza kuona kwamba katika habari hizi zote yule mkimya hayumo. Hakwenda sokoni. Alipohitaji sabuni au wembe alitoa fedha na kumwagiza Mjaluo. Nalidhani ni uvivu, kisha nikadhani ni majivuno. Wewe ulikuwa mtoto mchanga wakati wa uchaguzi wa Desemba 2007, au hukuwa umezaliwa. Kwa hiyo nitakueleza kwa ufupi. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30 mwezi huo, nchi yetu ilishikwa na ghasia zilizodumu mpaka viongozi walipotia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na wengine laki kadhaa walifukuzwa makwao. Sehemu za Eldoret ziliumia mno. Mwenzetu mkimya alikuwa na miaka 17. Nyumba yao ilichomwa, na familia yake ikaishi katika hema kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Miaka miwili baadaye serikali ilimpa nafasi ya kusomea ualimu kwa mwendo mfupi wa gari kutoka hapo, katikati ya watu wanaosema lugha aliyoisikia usiku ule. Hayo yote hakutuambia. Tuliyajua kidogo kidogo, kama mtu ajuavyo kwamba jirani yake ana mgonjwa.

Mwaka uliofuata, embe zilipoiva, Mkeiyo alitualika sote watatu kwao bondeni. Mkimya alikataa, kisha asubuhi ya safari tulimkuta amekwisha kuvaa viatu. Ile njia huteremka kwa mizunguko mingi, na kila mzunguko hewa huzidi joto. Tulipofika chini nikasikia harufu ya vumbi na embe, nikatamani kulia, kwa maana ilikuwa harufu ya kwetu. Lilipungua pwani lenyewe tu.

Mama wa mwenzetu alitukalisha chini ya mwembe. Alimwuliza kila mmoja kwao ni wapi, na mwanawe akatafsiri. Mkimya alikitaja kijiji chake. Mama alitulia kidogo. Akauliza jambo, na mwanawe hakutafsiri. Mama akalirudia kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Nyumba yenu iko?"

"Haiko, mama," akajibu.

Mama akainuka akaingia ndani. Alikaa huko kwa muda, akatoka na kibuyu kirefu cha mursik. Hayo ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wao maalumu, na rangi yake ni ya majivu yenye madoa meusi. Mimi, kwa ujinga, nalidhani yameingia uchafu. Alimmiminia mkimya kwanza, kabla ya mwanawe na kabla yetu, akasimama mpaka alipomaliza kikombe. Hakusema kitu. Kisha akaniambia nimwonyeshe hiyo achari aliyokuwa akisikia habari zake, nasi tukashinda alasiri tukikata embe mbichi, nikimpigia mama yangu simu Gazi kila baada ya hatua kwa kuwa vipimo nilikuwa sivijui.

Usiku ule, bwenini, taa zilipokwisha kuzimwa, Mkeiyo alianza kusema katika giza. Alisema kwamba Januari 2008 alikuwa kwa mjomba wake huko juu, karibu na barabara kuu. Vijana waliitwa kwenda kuifunga njia. "Sikumpiga mtu, wala sikuchoma nyumba," alisema. "Lakini mawe niliyabeba."

Kitanda cha chini hakikutoa sauti. Baadaye mkimya aliuliza, "Ilikuwa mahali gani?"

Akamtajia.

"Sisi tulipita hapo kwa miguu, usiku," mkimya akasema. "Gari lilishindwa kupita. Mama alikuwa na mtoto mgongoni."

Baada ya hapo hakuna aliyesema. Nililala macho nikisikiliza pumzi za watu watatu, na nilijua kwamba hata mmoja hakupata usingizi. Siku tatu walikaa chumba kimoja bila ya kusemezana. Mjaluo alitaka tuwakalishe, tuwasuluhishe kwa maneno, nikamzuia. Sijui kama nilifanya vema. Niliona tu kwamba deni lile halikuwa letu, na asiyedaiwa wala kudai hana haki ya kupanga malipo.

Siku ya nne maji ya mfereji yalikatika, ikabidi kila mmoja ateremke kisimani kabla ya mapambazuko. Nilipoamka, ndoo ya mkimya ilikuwa imejaa kando ya kitanda chake, na ndoo ya Mkeiyo imejaa kando ya kitanda chake, naye Mkeiyo angali amelala. Alipofungua macho aliitazama ndoo hiyo kwa muda mrefu. Hakushukuru. Alinawa uso, akafunga kamba za viatu, akasema pasipo kumwelekea mtu, "Mimi nakwenda sokoni." Mkimya akachukua koti lake akamfuata. Nalipanda juu ya kitanda changu nikawatazama dirishani mpaka walipoupita mlango wa chuo.

Sote tulihitimu. Masomo yale ya P1, yaliyokuwa ya miaka miwili, yameondolewa siku hizi na mahali pake imewekwa diploma. Mjaluo alirudi ziwani kufundisha, nami nikarudi pwani. Mkimya aliomba kazi katika wilaya ile ile alikozaliwa, na wazee wake walijenga tena, nyumba ya mawe safari hii.

Mwaka 2017 nchi ilipiga kura tarehe 8 Agosti. Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, ukatakiwa kurudiwa mwezi wa Oktoba. Majuma yale watu wengi walihamisha watoto wao kimya kimya. Usiku mmoja nilimpigia simu mkimya kumwuliza hali. Alinijibu kwamba nimechelewa: Mkeiyo alikuwa amekwisha kupiga tangu jioni.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Ameuliza nitalala wapi. Nimemwambia nitalala nyumbani kwangu. Akasema mama yake amekwisha kutandika kitanda, na njia ya bondeni naijua." Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Halafu akaniuliza, Masika, ni kitanda hiki au kitanda hii."