Hiyo "Hakuweza" Imetoka Wapi?

Miaka mingi iliyopita, nikifundisha kidato cha pili, niliwapa wanafunzi sentensi ya Kiingereza waifasiri: "The old man was too tired to walk." Kijana mmoja akaandika: "Mzee alichoka sana kutembea." Nikalipiga jibu lake mstari mwekundu, na juu yake nikaandika nililolitaka: "Mzee alichoka hata hakuweza kutembea." Akaja mezani na daftari lake, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, hiyo 'hakuweza' imetoka wapi? Nimeyahesabu maneno yote, sikuona kikanushi."

Nikamwambia ndivyo kanuni ilivyo. Hilo halikuwa jibu, na nadhani sote wawili tulilijua. Alirudi kuketi, wala hakuuliza tena swali muhula ule.

Kikanushi kilikuwamo, ila kimejificha ndani ya "too". Neno hilo halitaji wingi tu, kama lifanyavyo "very". Ladai kwamba wingi umepita kipimo, na kwa hiyo tendo lililotazamiwa halikutendeka. Kiswahili hakina maficho hayo. Hutaja kiasi, kisha hulitamka tokeo waziwazi. Hata "mno" yetu, ambayo nayo yasema kupita kiasi, haina uwezo wa kukigeuza kitenzi kinachoifuata kikawa kanushi. Kijana yule aliandika Kiswahili safi kabisa. Tatizo ni kuwa mzee wake alikwisha kutembea, tena mwendo mrefu, na sasa amechoshwa nao. Mzee wa Kiingereza hakuinua hata mguu.

"So" ikifuatwa na "that" haina hila: ya kwanza huahidi, ya pili hutimiza. Alichoka hata akalala njiani. Hapa nina ugomvi mdogo na wafasiri wa siku hizi, wanaoandika "alichoka kiasi kwamba alilala njiani". Sarufi yaikubali, sikio langu lakataa. Nanyi malenga hesabuni: katika kipande cha mizani nane, "kiasi kwamba" yala tano! "Hata" yala mbili. "Mpaka" yala tatu, lakini yalipa deni lake kwa picha, maana kiasi husafiri kikafika mpakani, na ng'ambo ya mpaka ndiko liliko tokeo. "Hata" yenyewe tuliipokea kutoka Kiarabu, na huko nako yabeba maana ya kufikia.

Haya yote ningeweza kumweleza kijana yule kwa dakika tano, lau ningekuwa nimejiuliza mwenyewe kabla ya kushika kalamu nyekundu. Nilikuwa nayajua majibu sahihi ya zoezi, basi. Daftari lake sijui liliishia wapi. Ningelipata leo, mstari ningeuacha, kwani kosa lilikuwa kosa, lakini pembeni ningeandika: "Umehesabu vyema. Kikanushi kimo katika neno la tano."