Karibu, Shika Spana

Kule Kariobangi Light Industries, kijana akiletwa gereji kujifunza ufundi, hapewi injini siku ya kwanza. Anaosha vipuri, anatumwa chai. Kuna mafundi watamwacha hapo mwaka mzima. Na kuna yule ambaye jioni hiyo hiyo atamwambia, "Haya, shika spana, funga hiyo nati." Nati ni moja tu, lakini gari litaenda nayo hadi Kitale.

Mimi nasaidia vijana wa Umoja na Kayole kuingia kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. (Nasema msimbo. Ukisema "kodi" huku Eastlands, watu wanafikiria landilodi.) Huwa naanza na Ushahidi, kwa sababu ni ya kwetu: Januari 2008, ghasia za uchaguzi zikiwaka, Ory Okolloh alitoa wazo, David Kobia, Juliana Rotich, Erik Hersman na wengine wakaitika, na kwa siku chache tu ripoti za wananchi zikawa zinaonekana kwenye ramani. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko.

Hiyo stori inawaingia. Shida ni wakifungua mradi wenyewe: mafaili mamia, Kiingereza kizito, watu wanabishana kama wanajuana tangu nasari. Wengi hufunga laptopu hapo hapo.

Kwa hivyo naitafuta nati. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliokita mizizi Eldoret, hutenga kazi ndogo kwa wageni. Miradi mingine haijisumbui.

Dada mmoja wa Kayole aliipata nati yake mwenyewe. Fomu ya mradi fulani ilikuwa inakataa jina lake, kwa sababu lina ile alama ya juu, kama Ng'ang'a au Nyong'o. Kwa kompyuta, nusu ya ukoo wake ilikuwa makosa ya tahajia. Akarekebisha, akatuma usiku kwa bando ya saa moja. Siku kumi na moja, kimya. Ya kumi na mbili, msimamizi akajibu: hakuna jaribio. Basi. Hata hujambo hakuna.

Akanitext: "Mwalimu, wamenikataa."

Hawakuwa wamemkataa. Walitaka kipande cha msimbo kinachothibitisha kwamba rekebisho linafanya kazi. Lakini angejuaje? Wanaojitolea wana kazi zao, sawa, naelewa. Siku kumi na moja naweza kuzisamehe. Kukosa neno moja la karibu, hapana, kwa sababu mtu aliyenunua bando kwa pesa ya lanchi harudi mara ya pili kubahatisha.

Tulikaa saiba Jumamosi, mikono yangu nimeikalia ili nisiguse kibodi. Ilichukua saa tatu. Mimi ningemaliza kwa dakika ishirini, na yeye asingejifunza kitu. Majina ya kujaribia alichagua mwenyewe: Ng'ang'a, Nyong'o, Ong'era. Likapita.

Wiki jana kijana wa Dandora aliuliza kwenye mradi huo majaribio yanawekwa wapi. Kabla msimamizi hajaamka, yule dada alikuwa ameshamjibu: "Karibu. Hata mimi nilipotea hapo hapo. Fungua faili lenye Ong'era, utaona."