Maneno ya Utafutaji: Kutoka Kuhesabu hadi Kusoma Nia

Miongoni mwa kazi za intaneti ambazo kumbukumbu zake zinafifia upesi ni ile ya kusaka, bila kulipia programu yoyote, maneno ya utafutaji yenye faida, yaani maneno ambayo mtu huyaandika katika injini ya utafutaji akiwa amekaribia kununua au kuagiza kitu, na ambayo mwenye tovuti akiyajua mapema hupata wateja pasipo kununua tangazo.

Thamani ya maneno hayo ilidhihirika mwaka 1998, pale GoTo.com, kampuni ya Bill Gross ya Marekani, ilipoanza kuyapiga mnada. Mtangazaji alitaja kiasi atakacholipa kila tangazo lake linapobofywa, na kwa kuwa kiasi hicho kilionyeshwa hadharani, yeyote mwenye subira aliweza kuandika neno baada ya neno, kunakili bei na kutambua ni yapi wafanyabiashara wanayagombania. Kampuni hiyo, iliyobadili jina na kuwa Overture mwaka 2001, ilikuwa pia na chombo cha bure kilichoonyesha idadi ya utafutaji wa neno kwa mwezi, hivyo waliojifunza kazi wakati huo walizoea kuhesabu kwanza na kufikiri baadaye.

Yahoo iliinunua Overture mwaka 2003, na baada ya muda chombo hicho kikafungwa. Google nayo ilianza kujaribu mapendekezo ya utafutaji, yaani orodha inayojitokeza mtu anapoandika, mwaka 2004, na kuyaweka katika ukurasa wake mkuu mwaka 2008. Hapo ndipo mbinu ya herufi ilipopata nguvu: mtafutaji aliandika, kwa mfano, "vifaranga vya kuku", akaacha nafasi, akaongeza a, kisha b, kisha ch, akiandika pembeni kila pendekezo lililojitokeza. Baada ya hapo alifungua matokeo yenyewe, kwa sababu ukurasa uliojaa wauzaji huashiria mnunuzi, ilhali uliojaa maelezo ya ufugaji huashiria mwanafunzi au mfugaji mwenye swali. Ushindani aliupima kwa amri ya allintitle, inayoleta kurasa zenye maneno yote yaliyotajwa katika vichwa vyake.

Milango mingine ikaendelea kufungwa. Kuanzia Oktoba 2011 Google ilificha maneno yaliyomleta msomaji kwenye tovuti iwapo alikuwa ameingia katika akaunti yake, na mwaka 2013 ikayaficha kwa takriban wasomaji wote. Mwaka huohuo chombo chake cha maneno kilihamishiwa ndani ya akaunti ya matangazo, na mwaka 2016 wasiotumia fedha nyingi kwenye matangazo wakaanza kupewa makadirio mapana, kama 1,000 hadi 10,000, badala ya idadi.

Kwa wanaoandika Kiswahili hasara hiyo ilikuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa, kwani takwimu za lugha hii hazikuwahi kutosheleza. Anayetafuta kuku huweza kuandika "kufuga", "ufugaji" au "mfugaji", na kwa vile viambishi hubadilisha mwanzo wa neno na mapendekezo kwa kawaida hufuata mwanzo wa kilichoandikwa, kila umbo hulazimika kujaribiwa peke yake. Isitoshe, idadi ya watafutaji hugawanyika kati ya maumbo hayo hata kila moja likaonekana halina watu, ingawa kwa pamoja wanatosha kumtajirisha muuza vifaranga.

Kwa hiyo kilichobadilika zaidi ni kigezo cha faida: zamani neno lilithaminiwa kwa wingi wa watafutaji wake, lakini sasa hupimwa kwa jinsi linavyofichua haja ya mtu. "Bei ya vifaranga vya chotara kwa jumla" huenda likatafutwa na wachache tu, lakini kila mmoja wao ameshachagua aina ya kuku, anataka wengi, na amebakiza kumpata muuzaji.