Bei ya Ukutani na Bei ya Mlangoni



Tafakari ya juma hili haikuanzia mezani petu. Ilianzia katika duka moja la pikipiki huko Kariakoo, ambako tulimsindikiza mama mmoja wa hapa Mchikichini pamoja na mwanawe. Mama huyo hupika chakula karibu na Soko la Karume. Kijana wake alikuwa na meza ya viatu vya mitumba sokoni humo hadi moto ulipoliteketeza mwezi Januari 2022. Tangu hapo amekuwa akiendesha pikipiki za mkataba: kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, akitumaini kwamba siku moja chombo kitakuwa chake. Mara mbili mkataba ulivunjika njiani, na mara zote mbili alibaki mikono mitupu.

Ndipo mama akaamua kununua. Aliunganisha zamu yake ya upatu, akiba ya kibubu na mkopo wa VICOBA, akapata shilingi 2,800,000. Akatuomba tufuatane naye, kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, mbele ya padre watu huona haya kudanganya.

Karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya pikipiki ilisema shilingi 2,750,000. Mama alifurahi. Zile 50,000 zilizozidi zingenunua petroli ya siku za mwanzo. Kijana alikaa juu ya chombo, akashika usukani, akatazama kioo. Fedha zikahesabiwa. Baada ya hayo yote ndipo muuzaji alipotoa karatasi ya pili, ambayo ilikuwa na gharama ambazo ukuta haukuzitaja. Zilikuwa usajili na kibao cha namba, bima na helmeti mbili, jumla shilingi 330,000. Chini yake yalikuwapo mengine matatu: kuunganisha 50,000, usafiri kutoka ghalani 40,000, na “makaratasi” 45,000. Bei ya 2,750,000 ikawa 3,215,000.

Mama hakusema neno. Alianza kuzikunja upya noti zake, moja moja. Kijana akashuka polepole, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenyewe.

Wapendwa, tupime jambo hili kwa haki, kwani si kila kilichoongezwa ni dhuluma. Pikipiki haiingii barabarani bila kusajiliwa na Mamlaka ya Mapato na kupewa namba zinazoanza na MC. Bima ni takwa la sheria. Helmeti mbili, ya dereva na ya abiria, si anasa. Anayebisha na azitembelee wodi za majeruhi. Tena atakayebeba abiria kwa malipo anahitaji leseni ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na gharama hiyo hata karatasi ya pili haikuitaja. Mambo haya ni halali, na kosa lake lilikuwa moja tu: yalisemwa baada ya fedha kuhesabiwa.

Yale matatu ya chini ndiyo yaliyotusumbua. Ni kweli kwamba pikipiki nyingi huletwa nchini zikiwa vipande ndani ya makreti, na fundi anayeziunganisha anastahili ujira wake. Lakini bei ile ilibandikwa juu ya pikipiki iliyosimama kwa magurudumu yake mawili. Ilikuwa bei ya nini, kama si ya pikipiki iliyokwisha kuunganishwa? Nayo ilitoka ghalani siku gani, ikiwa tuliikuta dukani? Kuhusu “makaratasi”, tuliuliza ni karatasi zipi, na muuzaji akatazama chini.

Alikuwa kijana mwenye adabu, rika moja na mnunuzi wake. Tulipobaki naye kando alitujibu kwa unyoofu: “Padre, tukiandika bei yote ukutani, mteja anaishia mlangoni. Anakwenda kwa jirani aliyeandika ndogo. Kule naye ataongezewa, lakini atakuwa amekwisha kukaa juu ya pikipiki.”

Maneno hayo tumeyatafakari juma zima. Kila duka huficha kwa sababu duka la pili linaficha, na mwenye kusema kweli ndiye anayelala bila kuuza. Pango la Kariakoo halimsubiri mtu. Si ajabu ya kwetu peke yetu: Marekani nako wauzaji wa pikipiki huongeza ada za usafirishaji, za kuunganisha na za makaratasi, na wanunuzi waliokwisha kuumia wamejifunza kuuliza kwanza bei ya kutoka na chombo mlangoni. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi. Lakini sheria haisimami dukani kumtetea mama anayeona haya kuuliza.

Tuliuliza kwa niaba yake. Tuliomba kila fedha iandikwe kwenye risiti ya mashine, na kazi yake ielezwe. Msimamizi aliitwa, akafuta usafiri na makaratasi papo hapo, shilingi 85,000. Kwa dereva anayetoa hesabu ya 10,000 kwa siku, hizo ni siku nane na nusu za jua na vumbi. Kuunganisha hakukufutwa. Zilibaki 3,130,000, nasi tukarudi bila pikipiki.

Tulirudi kwa miguu kwa Barabara ya Uhuru, na tukiri kwamba tulikuwa tumejaa ghadhabu ya watu wema. Tulikuwa tukiwasema wafanyabiashara. Mama akasikiliza hadi tukatulia, kisha akasema: “Baba, naomba usinichukie. Tulipokuja kuandikisha ndoa ya binti yangu, ofisini tulitajiwa mchango mmoja. Siku tatu kabla ya harusi tukaambiwa kuna wa mapambo, wa kwaya na wa jenereta. Kadi zilikuwa zimekwisha kugawiwa. Tungefanyaje?”

Hatukuwa na jibu. Tulitazama mbele tukaendelea kutembea. Binti yule tulimfungisha ndoa sisi wenyewe, tukala wali wake, wala hatukujua kwamba mama yake alikuwa amekopa ili mlango ufunguliwe kwa furaha. Ile karatasi ya pili ya dukani ilikuwapo ofisini kwetu pia, ila kwetu haikuandikwa.

Jumanne tuliketi na wazee wa halmashauri. Sasa mlangoni mwa ofisi pamebandikwa orodha moja: kila mchango, kiasi chake na kazi yake, na palipo hiari pameandikwa hiari. Mmoja tuliufuta, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyeweza kueleza fedha zake huenda wapi. Yeyote atakayeombwa kitu kisichomo humo aje kwetu bila woga.

Kuhusu pikipiki, wanawake wa upatu wamekubali kumpa mama zamu nyingine mapema, na baada ya majuma matatu tutarudi Kariakoo. Majuma matatu ni mengi kwa kijana asiye na chombo. Mwenye kazi ya kumpa asimsahau.

Nanyi mnaokwenda kununua, msikae kwanza juu ya kiti. Ulizeni mkiwa bado mmesimama: bei ya kutoka nayo mlangoni, pamoja na kila kitu, ni ngapi? Na mkipata duka lililoandika ukutani bei kamili, hata ikionekana kubwa kuliko ya jirani, ingieni humo. Mwenye duka hilo amehatarisha riziki yake ili asiwafiche, naye hawezi kuendelea hivyo msipomnunulia.

Tunawatakia juma jema.